Benchi la Bibi na Kipimo cha Matumaini

Matumaini ni jambo ambalo wengi wetu tumezoea kuwaachia washairi na wahubiri. Mwanasayansi akiulizwa habari zake, aghalabu hujibu kwamba hayapimiki, kisha hurejea kwenye mizani yake. Hata hivyo yamepata kupimwa, mjini Harare, juu ya benchi la mbao.

Nianze na habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikiandika tasnifu ng'ambo, majira ya baridi yalinilemea hata nikawa sioni faida ya kuamka asubuhi. Bibi mmoja aliyekaa chini ya chumba changu akawa ananiita kila Jumamosi kunywa chai. Hakuwa na elimu ya utabibu. Aliuliza tu wiki imekwendaje, akasikiliza. Ilipofika Aprili nilikuwa mzima. Lakini Aprili hiyo hiyo jua nalo lilikuwa limerudi. Je, niliponywa na chai au na jua? Kwa ushahidi wa mtu mmoja, swali hilo halijibiki.

Daktari Dixon Chibanda, bingwa wa maradhi ya akili nchini Zimbabwe, alikabiliwa na swali la namna hiyo, ila kwake lilihusu uhai wa watu. Mwaka 2005 mgonjwa wake mmoja, msichana, alijiua. Familia yake ilikuwa imekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Hapo daktari alitambua kwamba huduma haina budi kumfuata mgonjwa. Mwaka 2006 alianza kazi katika mtaa wa Mbare pamoja na wahudumu wa afya 14, bibi wa mtaani hapo. Chumba hakikupatikana, basi likawekwa benchi nje. Kwanza liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa. Bibi hao wakashauri liitwe Benchi la Urafiki. Wala mgonjwa hakuambiwa kuwa ana sonona, bali walizungumza naye juu ya *kufungisisa*, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, alilolijua tangu nyumbani.

Yafanywayo benchini si mazungumzo matupu. Mgonjwa hutaja matatizo yake yote: kodi ya nyumba, ugonjwa, ugomvi wa ndoa, ada. Kisha huchagua moja tu, lile analoweza kulishika, na wawili hao hutafuta hatua ndogo ya kutekelezwa kabla ya juma lijalo. Hukutana hivyo hadi mara 6. Bibi hatoi amri. Mgonjwa ndiye atafutaye njia, jambo ambalo, nakiri, sisi walimu hulisahau upesi.

Sasa turudi kwenye chai na jua. Katika jaribio lililochapishwa Desemba 2016 na jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, walishiriki watu 573, wengi wao wanawake, kutoka zahanati 24 za Harare. Zahanati zenyewe zilipigiwa kura: nusu zikapewa benchi, nusu zikaendelea na huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Nusu hii ya pili ndiyo iliyopima lile jua, yaani nafuu ambayo ingekuja hata bila benchi. Kila mshiriki alikuwa amejibu "ndiyo" kwa maswali 9 au zaidi kati ya maswali 14 ya dalili. Baada ya miezi 6, wastani wa kundi la kulinganishia ulikuwa 8.9, wa kundi la benchi, 3.8. Mwanafunzi makini ataona kwamba hata kundi la kwanza lilishuka, maana hakuna aliyeanza chini ya 9. Jua lipo, lakini ni dogo. Waliokutwa na sonona walikuwa asilimia 49.9 katika kundi la kulinganishia, na asilimia 13.7 katika kundi la benchi.

Benchi hilo limekwisha kufika Malawi na Zanzibar. Lakini jaribio halikutenga sehemu zake: halisemi ni kiasi gani kilitokana na upole wa bibi, na kiasi gani na ile hatua ndogo ya kila juma. Tena, waliokwisha kupita benchini walikaribishwa katika vikundi vya wenzao, ambako walizungumza huku mikono ikifuma mikoba kwa plastiki zilizokwisha kutumika. Huenda hata mikoba hiyo ilichangia.