Kumrudishia Mungu kwa Kumhudumia Jirani (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilihusu sadaka inapofikishwa madhabahuni. Sehemu hii inaifuata sadaka hiyo inapotoka tena kanisani, kwa kuwa huko nje ndiko maana ya kumrudishia Mungu inakojulikana. Zaburi ya 50 imekwisha kuiondoa dhana ya kwamba Mungu ana njaa ya kushibishwa na waja wake, maana wanyama wa mwituni na makundi ya milimani ni mali yake tayari, na deni halilipwi kwa mali ya mdai mwenyewe.

Mtume Paulo, alipokusanya changizo katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, aliieleza kazi hiyo katika 2 Wakorintho 9:12 kwa maneno mawili ya Kigiriki. La kwanza ni diakonia, yaani utumishi, neno lilelile linalotaja shughuli zilizomhangaisha Martha katika Luka 10:40. La pili ni leitourgia, ambalo huko Athens lilikuwa na maana ya huduma ambayo raia tajiri aliigharamia kwa ajili ya mji, kama vile kuitunza merikebu ya vita, na ambalo Wayahudi walioifasiri Torati kwa Kigiriki walilitumia kwa kazi ya makuhani. Ndilo lililozaa neno liturujia. Kwa Paulo, basi, mfuko wa fedha za maskini ni ibada kamili, na kinachomfikia Mungu ni shukrani za waliopokea.

Katika sharika nyingi za Kilutheri nchini Tanzania jambo hili huonekana baada ya ibada ya Jumapili, pale mzee wa kanisa anaponadi sadaka za mazao: kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, mayai machache katika kikapu. Bei hupanda kupita ya sokoni bila mtu kunung'unika, na si ajabu mnunuzi akamrudisha kuku yule yule ili anadiwe upya, au akamkabidhi bibi mjane aliyesimama pembeni. Kwa hesabu za duka ni biashara ya hasara tupu.

Hata hivyo, ipo hatari ya mtoaji kujiona mkubwa kwa anayepewa, na hapa Paulo anashangaza. Akiwa karibu kuufikisha mchango ule, anawaomba Warumi (15:31) wamwombee ili huduma yake ikubalike kwa watakatifu wa Yerusalemu. Aliyebeba fedha ndiye mwenye wasiwasi, na wenye uhitaji ndio wenye uwezo wa kukataa.