Jiwe la Jikoni na Mapafu ya Fundi

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na nyumba zake za kale zilijengwa kwa udongo, kama lile tembe la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Leo anayekarabati nyumba hutamani kaunta ya jiwe jikoni. Jiwe likishawekwa halimdhuru mpishi. Hatari ni ya fundi anayelikata, kwa sababu ya vumbi la silika.

Mawe hayalingani. Marumaru asilia kwa kawaida huwa na silika chini ya asilimia 5, ingawa ndimu na siki huichubua. Graniti, mwamba ulioenea Unyamwezi, huwa nayo takriban asilimia 20 hadi 45. Jiwe la kiwandani, yaani unga wa mawe ulioshikamanishwa kwa gundi, mara nyingi huzidi asilimia 90. Australia ililipiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024.

Vumbi hilo huacha makovu mapafuni. Huo ndio ugonjwa wa silikosi, usioponyeka, nao hurahisisha kupatwa na kifua kikuu.

Mwenye nyumba, kubaliana na fundi jiwe likatwe kwa maji, nje, mbali na watoto. Kitambaa puani hakitoshi. Fundi avae barakoa maalumu ya kuchuja vumbi.

Mhudumu wa afya, makohozi yakikosa vimelea huku picha ya kifua ikionyesha madoa, muulize mgonjwa kazi yake. Jibu laweza kumwepusha na miezi 6 ya dawa asizozihitaji.