Nyota Zilizofunikwa kwa Rangi



Ndugu wasomaji, atokaye Houston kwa gari kuelekea San Antonio, baada ya kiasi cha saa moja na nusu hufika katika mashamba ya Schulenburg. Karibu na hapo kipo kijiji kiitwacho Dubina, jina la Kicheki lenye maana ya msitu wa mialoni. Kanisa lake, kwa nje, ni jengo jeupe la mbao lisilo na la kumshangaza mpita njia. Huenda mtu akauliza: kanisa la shamba latuhusu nini sisi Waislamu? Latuhusu kwa sababu waliolijenga walikuwa wahamiaji kama sisi, na yaliyowafika wao yaweza kutufika.

Familia za kwanza ziliwasili hapo kutoka Moravia mwaka 1856. Kanisa lao la awali liliangushwa na kimbunga cha mwaka 1909, wakasimamisha hili la sasa mwaka 1912. Msalaba wa chuma ulio juu yake ulifuliwa na Tom Lee, mhunzi mweusi aliyewahi kuwa mtumwa. Ndani, dari ilipakwa buluu ya anga na kutiwa nyota za dhahabu, na kuta zikapigwa nakshi. Katika makanisa ya jirani, nguzo za mbao zilipakwa rangi kwa ustadi hata zikafanana na marumaru. Wakulima wale waliukumbuka uzuri wa makanisa ya kwao, wakauleta Texas kwa vitu walivyoweza kuvipata: mbao, rangi na brashi.

Kisha yakaja mambo ya kisasa. Mwaka 1952 kanisa lilikarabatiwa, na nakshi zote zikafunikwa kwa rangi. Hapana adui aliyefanya hivyo. Walikuwa wenyewe, kwa nia njema, wakitaka nyumba yao ionekane mpya. Ilipofika miaka ya 1980 waumini walitambua kilichopotea, wakazirudisha nyota zao darini. Kufunika ni kazi nyepesi. Kufunua ndiko kugumu.

Kwetu pia tunao mfano. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una paa la mabati, na mgeni aweza kuupita asiujali. Lakini katika kibla chake mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya kumi na nane, na maandishi yale yakabakizwa. Waliojenga hawakukataa upya. Walijua tu kipi hakiguswi.

Na hapa Houston, Hakeem Olajuwon, mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu, alinunua mwaka 1994 jengo la benki ya zamani lililojengwa mwaka 1928. Lilifunguliwa mwaka 2002 kuwa kituo cha Kiislamu, na nguzo zake kubwa zingali zimesimama.

Wengi wetu katika miji hii twasali katika majengo yaliyokuwa maduka, ofisi au nyumba za watu. Tukijaaliwa uwezo tutayapanua, na hilo ni jambo la kheri. Lakini kabla ya kubomoa ukuta au kuchovya brashi, tuwaulize wazee: nani alikata mbao za mimbari hii, nani aliandika aya hii juu ya mlango, nani alishona pazia hili? Tupige picha, tuandike majina. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawakuiona Mombasa wala Unguja. Huenda kazi ya mikono ya bibi na babu zao ndiyo Unguja pekee watakayoigusa. Tusiifunike kwa rangi kisha tukahitaji miaka thelathini kuitafuta.

Wabillahi tawfiq.