Urithi wa Mwimbaji Mbele ya Mizani ya Sheria

Muziki wa soul ulichipuka miongoni mwa Wamarekani Weusi, kutokana na nyimbo za kanisani na uchungu wa kubaguliwa. Mmoja wa waimbaji wake mashuhuri, Marvin Gaye, aliuawa mwaka 1984. Lakini nyimbo zake zimeendelea kuzua kesi kubwa.

Mwaka 2013 Robin Thicke na Pharrell Williams walitoa wimbo uitwao "Blurred Lines". Warithi wa Gaye walidai kuwa umenakiliwa kutoka "Got to Give It Up", wimbo wa mwaka 1977. Mwaka 2015, mjini Los Angeles, baraza la raia waliosikiliza kesi hiyo liliwapa warithi fidia ya dola zipatazo milioni 7.4, ambazo jaji alizipunguza hadi kiasi cha milioni 5.3. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na ushindi wa warithi. Hata hivyo, jaji mmoja kati ya watatu alipinga, akionya kwamba mtindo wa muziki hauwezi kuwa mali ya mtu.

Suala kubwa lilikuwa ushahidi. Sheria iliyohusika ilikuwa ya mwaka 1909, na kesi iliendeshwa kwa kufuata noti zilizosajiliwa, si santuri yenyewe. Lakini noti hizo hazikuandikwa na Gaye; ziliandikwa na mtu mwingine baada ya wimbo kurekodiwa.

Mwaka 2023, mjini New York, mambo yalikuwa kinyume. Warithi wa Ed Townsend, aliyetunga "Let's Get It On" pamoja na Gaye mwaka 1973, walimshtaki Mwingereza Ed Sheeran. Yeye alipiga gitaa mahakamani kuonyesha kuwa mfuatano ule wa sauti hutumiwa katika nyimbo nyingi. Baraza lilimpa haki.

Mambo haya si mageni kwa majirani zetu. Nchini Kenya, ubishi juu ya mtunzi halisi wa "Malaika", wimbo uliorekodiwa na Fadhili William na kuimbwa duniani kote, umedumu miaka mingi.

Askari, ambao majeshi yao yamelea bendi zenye sifa, wanaielewa vyema tofauti iliyopo kati ya shaka na ushahidi. Kufanana peke yake si wizi; lakini jasho la mtunzi, hata akiwa kaburini, halina budi kulindwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.