Joto Majumbani (3): Tulibomoa Tembe, Tukanunua Kiyoyozi

Niliahidi kwamba sehemu hii ya tatu ingehusu sakafu. Sakafu itasubiri. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa mwaka 2024 ndio uliokuwa na joto kali kuliko miaka yote tangu vipimo vianze kuwekwa, takribani nyuzi 1.55 za Selsiasi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Tangu habari hiyo itoke, kila ninayekutana naye anaulizia bei ya kiyoyozi. Hakuna anayeuliza habari za dari.

Waliofuatilia sehemu zilizopita wanazikumbuka njia tatu za joto: kugusana, hewa na mnururisho. Bati huzifungua zote tatu. Chuma hupitisha joto takribani mara 2,000 kuliko hewa iliyotulia, na bati la kawaida la kuezekea halifiki hata nusu milimita kwa unene. Saa saba mchana bati lililoshika kutu hupita nyuzi 60, na joto hilohilo huwashukia waliomo ndani. Tusililaumu bati, maana halikubuniwa kwa ajili ya watu. Henry Robinson Palmer, aliyelipatia hataza bati la migongo mwaka 1829, alikuwa mhandisi wa gati za London, akitafuta paa jepesi la kufunikia mizigo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kulipaka zinki lisishike kutu upesi. Ghalani halali mtu. Sisi tumelaza watoto chini yake.

Kabla ya bati, kuanzia Ugogo hadi Singida, Kondoa na Mbulu, watu waliishi katika tembe, na msomaji anisamehe nikikawia hapa, kwa kuwa mada hii imenikaa moyoni tangu ujana. Tembe la Kigogo lilikuwa la mstatili, la nguzo na fito zilizokandikwa udongo, mara nyingi likizunguka ua walimolala ng'ombe. Paa lake lilikuwa tambarare: magogo juu ya nguzo, kisha matawi na nyasi, kisha udongo ulioshindiliwa. Mtama ulianikwa hapo juu. Wairaqw wa Mbulu walifikia hata kuyachimbia matembe yao ubavuni mwa kilima ili wavamizi wasiyaone. Pamoja na usalama, wakapata ukuta wa ardhi usiojua jua wala baridi.

Waarabu wa Unyanyembe nao walijenga matembe. Katika mojawapo, pale Kwihara karibu na Tabora, David Livingstone aliishi mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley hadi Machi, kisha bila mwenzake huyo, akisubiri wapagazi hadi Agosti. Nyumba hiyo ilijengwa upya, na ni makumbusho. Wageni hupelekwa kusimuliwa habari za mzungu yule. Natamani mwongozaji mmoja tu awaambie waguse ukuta.

Udongo mkavu hupitisha joto polepole, tena hulihifadhi. Ukuta wa sentimita 30 huweza kulichelewesha joto la mchana kwa saa nane hadi kumi, kwa hiyo linapofika ndani, nje kumeshapoa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake kavu, usiku wake wa baridi. Kwa mahali kama hapo mpango huu unafaa barabara, na waliouvumbua hawakuwahi kuona kipimajoto.

Asiyeniamini amsome Hassan Fathy, msanifu majengo wa Misri. Mwaka 1964 huko Cairo yalijengwa majengo ya majaribio, moja likiwa la matofali ya udongo na jingine la zege la kiwandani. Ndani ya lile la udongo joto halikupanda wala kushuka kwa zaidi ya nyuzi 2 mchana na usiku. Ndani ya lile la zege lilifika nyuzi 36, kupita hata hewa ya nje! Fathy aliyatetea majengo ya udongo maisha yake yote, na wakubwa wengi wa nchi yake walimwona mtu wa kale. Hadithi hiyo tunaijua.

Sifichi mabaya ya tembe. Sakafu na kuta za udongo zilikuwa maskani ya papasi, na homa ya papasi imewatesa watu wa Dodoma miaka mingi. Robert Koch aliichunguza homa hiyo Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905, akaonyesha kuwa vimelea vyake huingia hata katika mayai ya kupe hao. Tena moshi ulikosa pa kutokea, mvua kubwa zilivujisha paa, mchwa walikula nguzo. Lakini kila ubaya hapo ulikuwa na dawa yake: msingi wa mawe, sakafu ya saruji, plasta, dirisha la maana. Hatukuutibu. Miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, tulihubiriwa kwamba mwenye bati ameendelea na mwenye tembe amebaki nyuma. Aibu ndiyo iliyoezua tembe, wala si hesabu.

Itazame Dodoma hiyohiyo, iliyoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupokea wizara kwa wingi baada ya 2016. Nyumba mpya zinaezekwa bati la rangi iliyokolea, kuta ni tofali za saruji za inchi sita, madirisha makubwa ya alumini yanatazama magharibi, kisha kila chumba kinapachikwa kiyoyozi. Kiyoyozi kidogo kikifanya kazi mfululizo hutafuna karibu uniti moja ya LUKU kwa saa. Saa nane za usiku ni uniti nane. Uniti 75 za mwezi, zinazouzwa kwa bei nafuu kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani, zinakwisha kwa siku kumi, na taa na friji hazijahesabiwa.

Pwani ni habari nyingine. Usiku wa Dar es Salaam au Tanga haupoi vya kutosha kuupumzisha ukuta mnene, basi huko kivuli na upepo hutangulia. Makuti, yenye hewa iliyonaswa kati ya majani, yalifanya kazi ambayo bati haliwezi.

Nafasi inaniishia, na mwenye nyumba ya bati hataibomoa kwa sababu ya makala. Aanze na dari. Juu ya dari aache matundu ya hewa pande mbili za paa, yenye wavu ili popo wasiingie, joto lililojazana kwenye kenchi lipate njia. Karatasi ya alumini chini ya bati hurudisha sehemu kubwa ya mnururisho, ila fundi aiachie nafasi ya hewa; ikigusana na bati haina kazi. Bati jeusi au lenye kutu lipakwe rangi nyeupe. Anayejenga sasa azungumze na fundi kuhusu upana wa paa na baraza kabla ya kufikia lenta, na apunguze madirisha ya magharibi.

Mwenye fedha za kiyoyozi kimoja azitumie kwanza kwenye dari na rangi nyeupe. Joto likiendelea kumshinda, duka la viyoyozi halihami. Sakafu tutaizungumza wiki ijayo.