Mbwa Akikufa, Nani Anakuja Kwenye Kilio?

Mahindi yakianza kukauka, mashamba ya Kaniama yanageuka kijiji. Mwenye shamba la mbali anajenga kibanda cha majani, anabeba chungu, unga wa bukari na blanketi kwenye kinga, analala kule mpaka mavuno yaishe. Nyani wanakuja asubuhi, nguruwe pori wanakuja usiku, na mwizi mwenye kiroba anakuja saa yoyote. Ukimuuliza huyo mkulima analala na nani kule, atakujibu: na mbwa.

Wapendwa wanachama, katika gazeti hili tumeandika sana juu ya mbuzi, kuku na nguruwe. Mbwa tunamsahau. Hauzwi kwa kilo, hatoi maziwa, hakuna mradi unaomhesabu. Lakini fanyeni hesabu kidogo: mahindi ngapi yangebaki shambani kama mbwa hakuwepo? Nani anasikia nyoka karibu na mlango mbele ya mtoto kumkanyaga? Na wakati wa kiangazi, majani yakisha kuungua na vijana wakienda kuwinda, nani anatangulia?

Kazi siyo yote. Angalieni majina. Huku kwetu mtu anampa mbwa jina lenye maneno ndani yake, maneno ambayo hawezi kumwambia jirani uso kwa uso: Waache Waseme, Tutaona, Vumilia. Jioni anamwita mbwa kwa sauti kubwa, na anayehusika anasikia. Kwa hiyo mbwa anachunga shamba, na tena anabeba siri na uchungu wa mwenye nyumba. Miezi ya njaa anakula kidogo kama sisi, na hahami kwenda kwa jirani mwenye bukari nyingi.

Bakongo wa upande wa magharibi walichonga sanamu ya mbwa mwenye vichwa viwili, inayoitwa Kozo. Walisema mbwa anaishi katikati: mguu mmoja kijijini, mguu mmoja porini, anaona watu wazima na anaona wafu pia. Mimi naona walimwelewa vizuri.

Tena mbwa wa Kongo ana habari inayojulikana Ulaya na Marekani kuliko hapa. Kuna aina ya mbwa mdogo wa kwetu, masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki kama mbwa wengine. Analia kama anaimba. Kwa sababu habweki, wawindaji wanamfunga kengele ya muti shingoni ili wajue anapita wapi ndani ya majani. Wazungu walimpenda. Mwaka 1895 wawili walionyeshwa Uingereza, na muda si mrefu wakafa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao miili yao haikuwa na kinga nao. Mwaka 1937 wengine walionyeshwa London, na hao walizaana. Leo anaitwa Basenji dunia nzima. Ndiyo, ni lile neno lile lile la kuwatukana watu wa kijiji, kwamba ni washenzi. Tusi likageuka jina la mbwa wa kuuzwa kwa dola nyingi! Mwaka 1988 Wamarekani walirudi tena kaskazini-mashariki ya nchi yetu, wakati ule Zaire, kutafuta damu mpya kwa mbwa wao. Walivuka bahari kutafuta mbwa ambaye sisi tunamwambia "toka hapa".

Sasa tuseme juu ya kumpoteza.

Mtu akifiwa na ndugu, tunaenda kilio. Tunakaa, tunachanga franga, tunapika. Mwenye kufiwa na mbuzi, watu wanamwambia pole, kwa sababu mbuzi ni mali. Mwenye kufiwa na mbwa anachekwa. "Ni mbwa tu, utapata mwingine." Basi anameza machozi. Lakini wale wanaotembelea mashamba wanajua: mzee aliyelala kibandani misimu 6 na mbwa mmoja, siku mbwa huyo amekufa, anaacha kulala shambani mbele ya wakati. Usiku kule umekuwa mrefu. Na hata kwa kazi tu, mtoto wa mbwa atachukua mwaka na zaidi mbele ya kujua nyani ni adui na mbuzi wa jirani siyo adui. Watoto wa nyumbani nao wanauliza amekwenda wapi. Kwa wengi wao ni kifo cha kwanza wanachokiona karibu. Msiwadanganye kwamba amepotea, kwa sababu watamtafuta njiani siku nyingi.

Mbwa wetu wanakufa namna nyingi. Wengine nyoka, wengine mtego wa waya uliowekwa kwa ajili ya nyama, wengine gari moshi kwenye reli. Wengine tunawaua wenyewe bila kujua: dawa ya panya iliyotupwa ovyo kwenye depo ya mahindi, au panya aliyekufa kwa dawa hiyo na mbwa akamla. Wenye kuchunga depo za koperative, hilo ni lenu. Wekeni dawa ndani ya kisanduku chenye tundu dogo, na panya waliokufa wazikwe asubuhi ile ile.

Lakini kifo kinachotisha kuliko vyote ni kichaa cha mbwa, ile tunaita raje. Hapo mapenzi na hofu vinagongana ndani ya nyumba moja.

Kinaanza polepole. Mbwa mpole anakuwa mkali, au mkali anakuja kujilaza miguuni kama amekuwa mtoto. Sauti inabadilika. Anajificha gizani, anatafuna vijiti na mawe, mate yanatiririka, taya linaanguka, mwisho miguu ya nyuma inakataa. Akisha kuonyesha dalili hizo hakuna dawa. Atakufa katika siku chache. Na mtu naye ni vile vile. Mtu aliyeumwa anaweza kukaa mwezi mmoja, miwili, mitatu akiwa mzima kabisa, analima, anacheka. Siku ugonjwa ukitokea, maji yanamtisha, na hospitali haina tena cha kumfanyia. Shirika la Afya la Ulimwengu linakadiria watu 59.000 wanakufa hivyo kila mwaka, wengi Afrika na Asia, na katika watu 100 wanaokufa, 99 waliupata kwa mbwa. Katika walioumwa, 4 kwa 10 ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto anaumwa kwa sababu anacheza na mbwa. Tena anaogopa kusema, akiona kwamba mbwa wake atauawa.

Hiyo ndiyo sababu ya kuandika leo. Mtoto anaficha kidonda kwa kumpenda mbwa. Baba anamfunga mbwa nyuma ya nyumba, anasema amekula kitu kibaya, kwa kumpenda mbwa. Halafu mtu mmoja kijijini anakufa, na vijana wanashika marungu, wanapita nyumba kwa nyumba, wanaua mbwa wote: mgonjwa na mzima, mwenye mali na asiye na mali. Mwenye mbwa mzuri anamkimbiza usiku kwa shemeji, kijiji kingine. Kama mbwa huyo alikwisha kuumwa na mgonjwa, raje imesafiri naye.

Kuua mbwa wote hakujamaliza raje popote. Wanaouawa ni wale wanaoshikika, na baada ya miezi michache kijiji kimejaa watoto wa mbwa ambao hawana kinga yoyote. Kinachomaliza ni sindano. Mbwa 70 kwa 100 wakichanjwa, tena kila mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Kwenye kisiwa cha Pemba, Tanzania, walifanya hivyo na raje ikaisha. Ikaingia tena kutoka nje, wakachanja tena, ikaisha tena. Wenye mbwa wa Pemba hawakupoteza mbwa wao. Waliwaleta kwa kamba kwenye foleni, basi.

Najua mtakachojibu: chanjo inataka baridi, na Kaniama hatuna umeme wa kutosha hata kwa bia. Ni kweli, chanjo inatunzwa kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8. Lakini habari nzuri ilitoka Tanzania. Watafiti walijaribu chanjo moja ya mbwa iliyokaa miezi 6 kwenye joto la digrii 25, na nyingine miezi 3 kwenye digrii 30, wakaona bado inampa mbwa kinga sawasawa. Wakajaribu kuitunza vijijini katika vyombo vya udongo vya kupooza, vilivyotengenezwa na mafundi wa kule kule. Siyo kila chanjo inavumilia hivyo, kwa hiyo mwenye kuamua ni veterinere, siyo sisi. Lakini neno "hatuna frigo" lisiwe mwisho wa mazungumzo.

Na mtu akisha kuumwa? Osha kidonda saa ile ile kwa mayi na sabuni, dakika 15 nzima. Siyo kumwagia tu: osha, sugua polepole, suuza, rudia. Usitie pilipili, mafuta, majivu wala majani ya mganga. Usikubali kishonwe haraka. Nenda kituo cha afya siku ile ile uulize chanjo ya raje, na wao wakiwa hawana, wakuelekeze inapopatikana. Usingojee kuona mbwa atakuwaje. Hata mkwaruzo mdogo wenye mate ya mbwa unahesabiwa. Mtu wa kwanza kupewa chanjo hiyo baada ya kuumwa ni mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, huko Ufaransa mwaka 1885, chini ya uongozi wa Louis Pasteur. Aliishi mpaka akawa mtu mzima.

Mbwa aliyeuma, kama anashikika bila hatari, msimuue kwa hasira. Mfungeni imara, mbali na watoto, mumpe mayi na chakula kwa kijiti, mumuangalie siku 10, na mumjulishe veterinere. Akiwa mzima siku ya 10, basi siku ile aliuma hakuwa na raje kwenye mate. Mbwa wengi wameokolewa na siku hizi 10, na wenyewe wakaacha kuwaficha. Akionyesha dalili, hapo hakuna njia. Veterinere au mtu mzima anayejua kazi ammalize haraka, asiteswe kwa mawe na watoto wakitazama. Hata katika hali hiyo ni mbwa wenu, yule aliyelala kibandani.

Tuseme na jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: mbwa aliyekufa kwa ugonjwa haliwi. Anayemchuna ananawa mate na ubongo wenye raje, na kidonda kidogo kwenye kidole kinatosha. Mzikeni kwa shimo refu, mikono ikiwa imefunikwa, kisha muoshe jembe na mikono kwa sabuni. Watoto wakitaka kusimama pale, wasimame mbali kidogo na kaburi wakati wa kufukia. Baadaye wakitaka kuweka jiwe au kuimba, waacheni. Na wewe jirani, ukipita, sema pole. Haina bei.

Siku ya Ulimwengu ya kupigana na raje ni 28 Septemba, siku Pasteur alikufa mwaka 1895. Tunaomba kila koperative ihesabu mbwa wa wanachama wake mbele ya siku hiyo: jina la mwenyewe, kijiji, mbwa wangapi, wangapi wamekwisha kuchanjwa. Andikeni na watoto wa mbwa. Bila hesabu, veterinere hawezi kuomba chanjo ya kutosha, na mkiomba koperative nyingi pamoja, safari moja inatosha kwa vijiji vingi vya njia ile. Katibu apeleke karatasi kwa veterinere wa teritware, na nakala abaki nayo. Kama mbwa ana jina, liandikeni nalo. Siku ya sindano itasaidia kumwita.