Dubai: Bei ya sahani ya mgeni hupangwa mbali na jiko

WATU wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi Dubai, pamoja na wafanyabiashara wanaokwenda huko kununua mali, wamekuwa wakilipia chakula cha mgahawani mzigo mpya tangu Januari 1, 2018, siku kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 5 ilipoanza kutozwa. Hata hivyo, kodi ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu kubwa ya bei ya sahani hupangwa mbali na jiko, yaani kwenye mashamba ya India, kwenye njia za meli na kwenye soko la dola.

Suala hili linamhusu hata asiyewahi kupanda ndege. Fedha inayobaki baada ya mfanyakazi kula ndiyo inayotumwa nyumbani kulipa ada, kununua kiwanja au kuongeza mtaji wa duka. Naye mfanyabiashara anayefuata vitambaa, simu au vipuri Deira hula huko huko, na gharama hiyo huishia kwenye bei ya mzigo wake.

CHAKULA CHA MELINI

Falme za Kiarabu huagiza kutoka nje zaidi ya asilimia 80 ya chakula chake, na takriban watu tisa kati ya kila kumi wanaoishi nchini humo ni wageni. Kwa hiyo mgeni akiona bei imepanda hana chakula cha bei nafuu cha mashamba ya jirani cha kukimbilia, kama mtu wa Dar es Salaam anavyoweza kuacha wali akala ugali. Wenyeji na wageni wote wanategemea bandari.

Mfano wa karibuni ni mchele. Julai 20, 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati. Siku nane baadaye Falme za Kiarabu nazo zilisimamisha kwa miezi minne kuuza mchele nje, ukiwemo ule unaopitishwa tu nchini humo kwenda kwingine. Marufuku ya India iliondolewa Septemba 2024. Katikati ya kipindi hicho, Desemba 2023, India ilizuia pia vitunguu, na ilifungua tena Mei 2024. Mkahawa wa wafanyakazi unaouza biriani na mchuzi hauna bidhaa muhimu kuliko hizo mbili.

Aidha, mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu, yaliyoanza Novemba 2023, yalifanya kampuni nyingi za meli kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Safari ya mizigo kutoka Ulaya ikawa ndefu, na nauli ikapanda pamoja nayo.

SUFURIA INALINDWA, SAHANI HAILINDWI

Serikali ya nchi hiyo haikukaa kimya. Kuanzia Januari 2, 2025 wauzaji hawaruhusiwi kupandisha bei ya bidhaa tisa za msingi bila idhini ya Wizara ya Uchumi. Bidhaa hizo ni mafuta ya kupikia, mayai, maziwa na mazao yake, mchele, sukari, kuku, jamii ya kunde, mkate na ngano.

Lakini orodha hiyo inahusu bidhaa za dukani. Sahani iliyokwisha kupikwa haimo. Mwenye mgahawa hulipa pia pango, leseni, mishahara, viza za wafanyakazi na mafuta ya pikipiki za kupeleka chakula majumbani. Bei ya petroli iliachwa ifuate soko la dunia tangu Agosti 2015, na Julai 2022 lita moja ya daraja la juu ilifika dirhamu 4.63. Gharama hizo zote huingia kwenye sahani. Ndiyo maana anayejipikia chumbani anaweza kuona bei zimetulia huku mwenzake anayekula nje akilalamika, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kodi nayo haiwagusi wote sawasawa. Biashara yenye mauzo yasiyofika dirhamu 375,000 kwa mwaka hailazimiki kujiandikisha kwa VAT, hivyo kafeteria ndogo huenda isimtoze mteja kodi hiyo. Hata hivyo, isipojiandikisha haiwezi kudai irudishiwe kodi iliyolipa kwenye mafuta, gesi na kuku, na fidia yake ni kuongeza bei kidogo.

Kwenye migahawa ya hoteli kubwa hesabu ni nzito zaidi. Juu ya bei ya chakula huwekwa malipo ya huduma, mara nyingi asilimia 10, ada ya manispaa ya asilimia 7, na VAT. Chakula cha dirhamu 100 hufika takriban dirhamu 122. Orodha ya vyakula ikiandikwa kwamba bei imejumuisha kila kitu, mteja asidhani amesamehewa. Amekwisha kulipa ndani yake.

Vitu vya bei ndogo vina tabia yao. Kikombe cha chai ya karak kwa miaka mingi kiliuzwa dirhamu 1. Muuzaji hawezi kuongeza asilimia 5 kwenye dirhamu moja, kwa kuwa chenji yake haipatikani kirahisi. Hungoja hadi gharama zimzidi, kisha huruka hadi dirhamu 1 na nusu, na hilo ni ongezeko la asilimia 50 kwa siku moja.

DOLA NDANI YA DIRHAMU

Tangu 1997 dirhamu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725. Dola ikipata nguvu, jibini na matunda ya Ulaya huwa nafuu Dubai, kama mwaka 2022 euro iliposhuka chini ya dola moja. Dola ikidhoofika dhidi ya euro, kama ilivyokuwa 2025, bidhaa hizo hupanda.

Kwa anayetuma fedha nyumbani kuna hesabu ya pili, ambayo wengi huisahau. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu shilingi 129. Maana yake dirhamu moja ilishuka kutoka takriban shilingi 43.60 hadi 35.10.

Chukua mfano wa Mkenya anayetuma dirhamu 500 kila mwezi na kula mgahawani mara mbili kwa siku. Mwanzoni mwa 2024 familia yake ilipokea kama shilingi 21,800. Miezi sita baadaye dirhamu zile zile zilileta kama 17,560. Sasa sahani yake ikipanda dirhamu 2 tu, kwa sahani 60 za mwezi atakuwa amekula dirhamu 120 zaidi. Akituma 380 zilizobaki, nyumbani zinafika kama shilingi 13,350. Kupanda kwa chakula na kupanda kwa shilingi kumeondoa kila kimoja zaidi ya shilingi 4,200, na hakuna aliyefuja hata senti.

Meneja aliyeajiriwa kwa mkataba wenye posho ya gharama za maisha haoni makali haya. Dereva, mlinzi na mhudumu, ambao mara nyingi hula kwa mshahara wao, ndio wanaoyaona. Anayetafuta ajira huko aulize kama chakula kimo ndani ya mkataba kabla hajafurahia mshahara.

Upande wa pili wa shilingi ni soko. Nyama ya mbuzi na maparachichi ya Afrika Mashariki huliwa Ghuba, na Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Falme za Kiarabu. Muuzaji wa nyama anayelipwa kwa dola au dirhamu hufaidika shilingi inapodhoofika na huumia inapopata nguvu, sawa kabisa na mfanyakazi aliye huko. Kwa hiyo familia yenye mtoto Dubai na kontena la maparachichi njiani haijagawanya hatari zake. Imeziweka zote kwenye dirhamu moja, na ni busara sehemu ya akiba yake ibaki katika shilingi.